Dada, ule ukuta wa riali zako umebanduka

Dada yangu, shikamoo.

Najua hupendi kuzungushwa, basi naanza na baya lenyewe. Ule ukuta wa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi niliokutumia picha yake mwezi wa pili, ukasema unang'aa kama wa hoteli, umebanduka. Masika haikuwa hata na wiki mbili. Usiku nilisikia kishindo kama gunia la nazi limetupwa sakafuni. Asubuhi nikakuta bamba la saruji, kubwa kama mlango, limelala chini, na mawe yaliyokuwa nyuma yake yanatoka jasho. Mifuko kumi na miwili hiyo, kwa pesa uliyoituma kutoka Muscat. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu kwenye kundi la ukoo kila nikianza kueleza mtu anarusha maua ya Ijumaa Karim, na kwa sababu hapa Pangani si mimi peke yangu niliyefanya kosa hili.

Kosa ni langu. Fundi kijana niliyempata aliniuliza, "Tupige saruji?" Nikasema piga. Siku hizi nani anauliza habari za chokaa?

Aliyekuja kunisomesha baadaye ni mzee mmoja wa Bweni, ng'ambo ya mto, anayevuka na pantoni ya asubuhi akiwa na mwiko wake umefungwa kwenye kanga ya mkewe. Hakunicheka, ingawa nilimwona anajizuia. Aliokota kipande cha ile plasta, akakigeuza mgongo. Kilikuwa kimeshika unga mweupe kama wa muhogo. "Onja," akaniambia. Nikaonja. Chumvi tupu.

Nyumba ya bibi, dada, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chini haina zege wala karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ukutani kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ukuta wa chokaa unayaachia yatoke taratibu, upepo unayachukua, basi. Ukiuvalisha saruji umeufunga mdomo. Maji yanatafuta njia kwa juu, yanabeba chumvi, na chumvi ikigandia nyuma ya plasta inaisukuma mpaka inaachia. Ndiyo maana ule ukuta wa sebuleni aliopigisha saruji marehemu mjomba ulikuwa kila mwaka unapakwa rangi na kila mwaka unatoka mapele. Sisi tukasema rangi ni feki.

Sasa tumerudi kwenye chokaa. Mzee alileta mawe yaliyotoka tanurini, akayatia kwenye pipa lililokatwa nusu, akamwagia maji. Dada, yalichemka! Watoto wa jirani walipanda ukuta wa uani kuja kutazama mvuke. Yalipotulia akayafunika kwa maji na kuniambia nisiguse. Nikauliza siku ngapi. Akasema, "Wewe una safari?" Tulikaa majuma matano. Mchanga tulinunua wa mtoni, kutoka juu, maana wa ufukweni ni wa bure lakini una ile ile chumvi tunayoikimbia. Hata maji ya kuchanganyia ni ya bomba. Ya kisimani yamekolea, nayatumia kumwagia sakafu tu.

Anapiga tabaka jembamba, kama unene wa kidole, halafu anasubiri. Mimi ndiye mwenye kazi ya kutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na kuyanyunyizia asubuhi na jioni, maana chokaa haiwi ngumu kwa kukauka kama tope. Inakuwa ngumu kwa kula hewa, polepole, na jua likiiwahi inakuwa unga. Mwenzio nimekuwa mlezi wa ukuta.

Najua hofu yako ilianzia wapi. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka Unguja na watu wakapoteza maisha, ulinipigia hata salamu hujamaliza: kama jumba la Sultani la mwaka 1883 limeshuka, hiki kibanda chetu kitabaki? Tangu siku hiyo wimbo wako ni mmoja, tubomoe tujenge kwa bloku. Nakuelewa. Lakini chetu si cha ghorofa. Ni kuta fupi, nene dhiraa moja na ushee, zinazobeba dari ya boriti na yale mabati aliyoongeza babu pale sakafu ya paa ilipoanza kuvuja. Penye hatari ni kwenye vichwa vya boriti, pale vinapoingia ukutani na kulala kwenye unyevu. Mzee amezigonga zote kwa mpini wa nyundo, moja moja, sikio juu, halafu akadunga bisibisi zile zilizotoa sauti ya debe tupu. Chumba cha bibi kina boriti kumi na tisa. Mbovu ni nne.

Nne tu, dada. Na kuzipata ni kazi, kwani boriti hizi ni za mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali, nami sitaki za magendo. Tumezipata kwenye nyumba iliyobomolewa huku nyuma. Wenyewe walikuwa wanazitoa kwa bei ya kuni ili wajenge kwa bloku. Sikuwaambia kitu. Ningewaambia nini, na mimi nina ukuta uliolala chini?

Uani usiulize sana. Mwembe upo na mwaka huu umezaa. Choo cha nje nimekifukia. Ule mtini mwitu uliotoka kwenye pembe ya jiko, ambao tulikuwa tunaona unapendeza, mizizi yake imepasua ukuta toka juu hadi chini. Kuukata haitoshi, unachipua tena, kwa hiyo tumetoa mawe mpaka tukaufikia moyo wake na kuyarudisha upya. Kisimani tumetoa ndoo sitini na kitu za tope, kufuli mbili, na kata ya kifuu ambayo mpini wake bado mzima.

Vigae ulivyosema utavitia kwenye kontena, naomba usivitie. Tuma pesa ya chokaa ukijaaliwa, hata kidogo.

Kuna jambo moja lakini nakuuliza wewe, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu na ulilala chumba kile na bibi. Tulipokwangua ukuta wa upande wa kitanda chake, tulikuta kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kimezibwa kwa mawe na udongo, kimepakwa chokaa juu kisionekane. Ndani mlikuwa na koroboi, na juu yake masizi yamepanda kama ulimi mweusi. Nani alikiziba, na kwa nini? Mama hakumbuki. Mzee anafika na plasta ya chumba hicho Alhamisi, na anataka kujua tukiache wazi au tukifunge kama tulivyokikuta.