Wifi, vipimo ulivyomtuma mtoto aje kuviuliza ni hivi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa joto la huko. Mtoto amenifikishia. Kasema, "Shangazi anaulizia vipimo vya batiki, lakini mama usimwambie kama nimekwambia ni yeye." Huyu mtoto hajui kuficha neno tangu azaliwe, na wewe unamjua kuliko mimi. Namba yangu unayo. Hata hivyo najibu, na najibia hapa hapa mbele za watu, maana batiki yangu ulishaisemea mbele za watu.

Anza na foronya, usianze na gora zima. Najua hutasikia, umezoea kuanza mambo makubwa makubwa, lakini foronya mbili zikiharibika ni foronya mbili tu.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Muuzaji atakuapia kwamba ni pamba, wewe chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziunguze. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini. Tetroni, yaani nyuzi za kiwandani zisizo pamba, inayeyuka, inajikunja, inaacha kitone kigumu cheusi. Hicho usikinunue hata kikiwa bei ya bure, kwa sababu rangi itakaa juu yake kama mgeni na kesho yake itaondoka.

Ukishakipata, kichemshe kwa sabuni ya unga nusu saa nzima. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na penye wanga rangi haipiti. Kikikauka dondoshea tone la maji: likizama papo hapo, kipo tayari, likisimama juu yake, rudisha jikoni. Watu wengi wanairuka hatua hii halafu wanalaumu rangi kwa madoa yanayotokea. Najua wengine kwa majina, ila leo sitawataja.

Kufunga hakuna gharama. Nenda kwa fundi baiskeli mwombe tyubu bovu, likate vipande vyembamba kama kidole cha mwisho. Mpira unabana kuliko uzi, na ukilowa haulegei. Ukitaka miduara, weka punje ya haragwe au kokoto ndani ya kitambaa, kunja, zungushia mpira mara nne tano kwa nguvu zako zote. Ukitaka mistari, kunja kitambaa huku na huku mikunjo ya vidole viwili, kisha funga kila baada ya kiganja kimoja. Mchoro wenye ncha kali hupatikana kwa sindano: tunga uzi mara mbili, piga bandi kubwa kubwa kufuata mstari uliouchora kwa penseli, kisha vuta mpaka kitambaa kijikusanye, na ufunge fundo. Mchoro ukitoka umefifia, ujue hukukaza. Hakuna sababu nyingine ya kutafuta.

Rangi, nunua zile za unga zinazochanganywa na kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, na haidrosi, unga wa dukani unaoiyeyusha rangi. Usidanganyike na zile za kuchemsha kwa chumvi. Ni rahisi, ndiyo, na zinapendeza siku ya kwanza. Kwa mita mbili za pamba nyepesi kipimo ni hiki: rangi gramu 10, kostiki gramu 20, haidrosi gramu 30, maji lita 4. Moja, mbili, tatu, hutasahau. Ukitaka rangi iliyokolea, ongeza rangi hadi gramu 20 na hivyo vingine uvipandishe kidogo.

Sasa nisikilize vizuri, maana kostiki haina undugu. Usiitie kwenye sufuria ya alumini. Inaila alumini, inatoa povu na gesi inayoshika moto, na sufuria yako itatoboka. Tumia ndoo ya plastiki au beseni la bati lenye enameli isiyobanduka. Vaa glavu za mpira na kitu cha kukinga macho. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji ya baridi, kidogo kidogo huku unakoroga kwa mti. Maji hayamwagwi juu ya kostiki kamwe, kwa sababu yatachemka ghafla na kukurukia. Ikikugusa, maji mengi ya bomba, robo saa, na usipake kitu kingine. Watoto wawe nje. Haidrosi nayo ihifadhi kwenye kopo kavu linalofunga, mbali na jiko na mbali na maji. Ikipata unyevu inapata joto yenyewe na inaweza kuwaka. Na ikikaa wazi muda mrefu inakufa nguvu hata kama kwa macho iko vilevile. Ukinunua iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, nusu ya nguvu ilishabaki dukani.

Chukua lita mbili za maji yanayochemka na lita mbili za bomba. Humo ndani toa kikombe kimoja cha yale ya moto, lainisha rangi mpaka iwe uji usio na chembe. Toa na kikombe cha yale ya baridi kwa ajili ya kostiki. Changanya vyote kwenye ndoo, kisha nyunyiza haidrosi juu, koroga taratibu mara chache bila kuvuruga, funika, ondoka robo saa. Taratibu nimesema. Kazi ya haidrosi ni kuiondolea rangi oksijeni ili iyeyuke iingie ndani ya uzi. Ukikoroga kama unasonga ugali unairudishia hewa uliyotaka kuiondoa. Ukifunua utaona utando unaong'aa juu. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe: likiwa safi halina chembechembe, tayari. Likiwa na chembe, ongeza haidrosi kijiko cha chai, subiri tena.

Kitambaa kilichofungwa kiloweke kwanza maji safi, kikamue, ndipo ukizamishe. Kikiingia kikavu kinabeba hewa, na hewa ndiyo madoa. Kizame chote, dakika kumi, ukikigeuza chini kwa chini bila kukitoa toa. Kikitoka usishtuke, rangi ya ndani ya ndoo siyo rangi yako. Kitandaze kivulini nusu saa. Hapo hewa inarudi, rangi inaganda ndani ya uzi na haiwezi tena kutoka. Watia rangi ya nili kule Kano, Nigeria, nao wanazamisha na kupeperusha hivi hivi kwenye mashimo yao ya rangi. Kemikali zetu ni za dukani tu, kazi ni ileile. Kisha suuza, fungua, suuza tena, na suuza ya mwisho tia vijiko vichache vya siki kuua kostiki iliyobaki.

Hujamaliza. Na hapa ndipo mimi na wewe tulipokosana.

Kitambaa kilichotoka kwenye rangi kina rangi mbili. Ipo iliyoingia ndani ya uzi, hiyo haiendi kokote. Na ipo iliyogandia juu, vumbi tu, halikupata nafasi. Hilo vumbi halitoki kwa maji ya baridi hata usuuze mpaka jioni. Linatoka kwa maji ya sabuni yanayochemka, dakika kumi na tano, halafu suuza mpaka maji yawe meupe. Usipochemsha, vumbi litatoka siku mtu atakapotoka jasho.

Nilikwambia. Kitambaa cha gauni la mama mkwe kilikuwa bado kwenye kamba, nikakwambia bado sabuni, nipe mpaka kesho mchana. Ukasema fundi anasubiri, ukamtuma kijana wa bodaboda, akaja kukichukua hata hakijakauka vizuri. Mnaosoma mtaniuliza kwa nini nilikitoa. Ningekataaje? Sherehe ni ya mtoto wao, fedha ya vitambaa ametoa yeye, mimi ni mke wa kaka yake tu. Ningekataa ningeitwa mwenye roho mbaya.

Kisha kichen pati. Gauni la mama lilikuwa limekaa, kila mtu alilisifu, na wewe ulilisifu. Ukumbi hauna hata feni. Mama kajitanda kanga yake nyeupe mabegani, na alipoitoa ilikuwa na alama ya buluu kote shingoni. Mtu mwingine angemvuta mama pembeni. Wewe ulikuwa na maiki mkononi. Ukaikunjua ile kanga mbele ya meza za wageni, ukasema, "Wifi zetu wengine hata furaha wanaipaka rangi." Watu wakacheka. Mashoga zangu wawili niliokwenda nao wakacheka. Mama aliichukua kanga yake mkononi mwako, akaikunja polepole, akaiweka chini ya mkoba, asiseme kitu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vitumbua, nikaendelea kugawa.

Ile buluu haikuwa na kosa, wifi. Jamii hiyo ya buluu ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1901 na René Bohn wa kampuni ya BASF, na sifa yake kubwa ndiyo hiyo, kutochuja na kutopauka juani. Ina adui mmoja, klorini. Ukiifua kwa jiki inageuka kijani kilichochoka. Lakini jasho? Jasho haliwezi kuitoa. Kilichotoka shingoni kwa mama ni vumbi la juu, la ile robo saa ya sabuni uliyoninyima. Kama gauni lile bado lipo, lichemshe leo, uone kama litatoa tena hata tone. Na uone buluu itakavyong'aa, kwa sababu ile sabuni inaifungua rangi yenyewe. Kabla ya hapo huwa imefifia kidogo.

Basi. Ukishaweza kufunga, ndipo uende kwenye nta. Mshumaa mtupu unavunjika vunjika na rangi inapenya kwenye nyufa; wapo wanaopenda ile mishipa mishipa, mimi sipendi ikizidi. Changanya nta ya nyuki sehemu moja, mishumaa sehemu mbili. Yeyushia kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji, usiweke kopo juu ya moto moja kwa moja. Nta ikishika moto, funika na kifuniko, maji usimwage. Kwa muhuri huna haja ya kununua chochote: kata kipande cha godoro umbo unalotaka, kibandike kwenye ubao, chovya, kung'uta, gonga. Angalia nyuma ya kitambaa. Nta ikionekana na nyuma, imepita. Ikiwa imekaa juu nyeupe, imepoa, na rangi itapita chini yake.

Kosa la wengi kwenye nta ni moja: wanatumia maji yale yale ya moto niliyokutajia, nta inayeyuka ndani ya ndoo na mchoro wote unakwenda. Anzisha rangi kwa maji ya moto ili iyeyuke, kisha iache ipoe ikiwa imefunikwa mpaka iwe ya vuguvugu hafifu, ongeza haidrosi kijiko kimoja, ndipo uzamishe, na urefushe muda hadi dakika ishirini. Kuitoa nta ni kwa maji yanayochemka, ambayo ndiyo hayo hayo ya sabuni, kwa hiyo mwenye nta hawezi kukwepa kuchemsha hata akitaka. Pengine ningekitia nta kile kitambaa siku ile tusingefika huku. Maji yakipoa nta inaelea, iokote, utaitumia tena. Usiyamwage kwenye sinki yakiwa ya moto, yatakwenda kugandia kwenye bomba.

Maji ya rangi yaliyobaki yaache wazi usiku kucha mahali watoto hawafiki, yapunguze makali kwa maji mengi, uyamwage shimoni mbali na kisima na mbali na mchicha wa mama.

Umemwambia mtoto kwamba ukijua vipimo utauza. Uza, soko lipo. Ila usiuze kipande ambacho hujakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kirudishe kwenye sabuni, hata kama fundi yuko mlangoni, hata kama mteja ni wifi yako. Ukitaka kufundishwa kwa mikono, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo la Tanzania, wana mafunzo ya batiki, waulize ofisi ya mkoa. Ukitaka kuja kwangu pia njoo. Mlango sijaufunga, ni wewe uliyeacha kubisha.

Jambo la mwisho ni vijiko. Utasoma kwingine "kijiko kimoja cha rangi, viwili vya kostiki", usifuate. Rangi ni unga mwepesi, kostiki ni vipande vizito, kijiko hiki na kile havilingani. Unahitaji mizani. Ile yangu ndogo ya betri iko kwako tangu siku za kuandaa keki, sijaidai. Itumie kwa rangi, lakini ikishagusa kostiki usiipimie tena unga wa maandazi, na kijiko cha kuchotea kitoboe tundu mpinini ili asikosee mtu akakirudisha jikoni.

Wifi yako