YAH: Malalamiko kuhusu bunduki ya upepo HW80 iliyorudishwa bila kupimwa

Leicester, Uingereza
Oktoba 2024

Kwa Meneja,
Karakana ya Bunduki za Upepo.

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyopatania kazi hii tangu mwanzo, na sitaki neno lolote lipotee njiani.

Niliwaletea bunduki yangu, Weihrauch HW80 ya milimita 4.5, ikiwa na tatizo moja tu. Kila ikifyatuliwa, springi ililia ndani kwa muda na kitako kikatetemeka shavuni. Nguvu ilikuwa sawa, shabaha pia. Mlinieleza wenyewe, na nilikubaliana nanyi, kwamba mlio wa namna ile hutokana na kiongozi cha springi kilicholegea: lile bomba linalokaa ndani ya springi likiacha nafasi, springi hucheza na kupiga kelele. Mkaahidi kuweka kiongozi kipya kinachobana, kubadilisha sili ya pistoni, yaani kizibo laini kinachozuia hewa isivuje, kusafisha kila kitu, kupaka grisi inayofaa, na kupima kasi kabla ya kunikabidhi. Yote hayo yameandikwa kwenye risiti yenu. Nikalipa pauni 120 bila kuomba hata kupunguziwa.

Bunduki ilirudi ikiwa imevuka kiwango cha sheria.

Nilikwenda nayo klabuni pamoja na binti yangu. Risasi ya kwanza ililipuka kwa sauti kali ambayo bunduki hii haijawahi kuwa nayo, moshi ukatoka mtutuni, na harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa pale tulipokuwa tumelala. Msimamizi wa uwanja akaja na kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi. Kwa risasi ya gramu 0.547 kifaa kilisoma mita 265 kwa sekunde, yaani nguvu ya zaidi ya jouli 19. Unajua vizuri kwamba hapa England bunduki ya upepo isiyo na cheti haitakiwi kupita futi-pauni 12, ambazo ni jouli 16.3 hivi. Ikipita hapo, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha ya 1968 inahesabiwa kuwa silaha inayotaka cheti cha polisi. Anayekutwa nayo mkononi bila cheti ndiye anayeshtakiwa. Mkononi mwa nani? Mwangu, mbele ya mwanangu, kwa kazi niliyowalipa ninyi.

Msimamizi alikubali tuendelee kuipima palepale chini ya macho yake ili tujue kuna nini. Mafuta yalipokwisha kuungua kasi ikaanza kushuka, na haikusimama ilipokuwa zamani. Ilishuka hadi mita 180 kwa sekunde, chini ya jouli 9. Tukaweka kipande chembamba cha karatasi ya tishu kwenye maungio ya mtutu na silinda, tukafyatua, karatasi haikutikisika. Kwa hiyo sili ya mtutu ilikuwa nzima na hewa ilikuwa inavujia ndani, kwenye pistoni.

Fundi wa klabu, mzee aliyezizoea bunduki hizi, aliifungua mbele yangu. Naomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu ndiyo sababu ya barua yangu.

Alitoa pini mbili, akachomoa triga, akaiweka silinda kwenye kibanio na kuanza kufungua kifuniko cha nyuma. Nyuzi za skrubu zilipoisha, springi ilikisukuma kifuniko nje kwa urefu uliomfanya asimamishe mkono na kuniangalia. Nyuma ya springi kulikuwa na washa tatu, vile vipete bapa vya chuma, zilizoongezwa ili kuibana zaidi. Sikuomba washa, na hazimo kwenye risiti. Pete za springi zilikuwa na alama zinazong'aa mahali zilipokuwa zinagusana: kila nilipokuwa nikivuta mtutu kuikoki, springi ilikuwa inagandamizwa mpaka inakuwa chuma kitupu kisicho na nafasi ya kujibana zaidi. Hapo nguvu yote ya mkono inakwenda kwenye mkono wa kukokia na kwenye meno ya triga, sehemu ambazo mtu hatakiwi kucheza nazo. Na faida yake ni ipi? Springi iliyobanwa kupita kiasi huongeza zaidi teke na mtikisiko kuliko kasi. Nilileta bunduki ipunguziwe mtikisiko, mkaiongezea.

Kiongozi kilikuwa kilekile cha zamani. Fundi alikizungusha ndani ya springi kwa kidole kimoja. Ndiyo maana mlio ulirudi kama ulivyoondoka.

Kisha pistoni. Mbele yake kulikuwa na utando mweusi, mgumu, wa grisi iliyoungua, na nyuma ya sili kulikuwa na grisi ya kahawia ambayo haijaungua bado, nyingi, ya aina inayopakwa kwenye beringi za magurudumu. Pistoni ikirushwa mbele, hewa hugandamizwa kwa ghafla na kupata joto kali mno. Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa njia hiyohiyo bila plagi. Mkiweka mafuta au grisi itokanayo na petroliamu kwenye njia ya hewa ile, itawaka. Grisi ya molibdenamu, tena kidogo sana, kwenye ubavu wa pistoni; grisi nzito kidogo kwenye springi ili kuituliza; mbele ya sili pawe pakavu. Nina hakika mafundi wenu wanalijua hili. Aliyeifunga bunduki yangu ama hakulijua, ama aliharakishwa.

Sili ilikuwa mpya, hilo nakiri. Lakini kwenye mdomo wake palikuwa na mkato uliopinda, mdogo kama kipande cha kucha, na kuanzia hapo ndipo moto ulipopata pa kula. Fundi alichukua pamba na kuipitisha taratibu kwenye kingo za ule mwanya mrefu wa silinda ambamo mkono wa kukokia hupita. Pamba ilinasa, ikaacha nyuzi mahali pawili. Chuma kile hakikupigwa msasa. Sili laini ilisukumwa kupita kwenye kingo kali, ikakatwa siku hiyohiyo ilipowekwa. Kuzipitia kingo zile kwa tupa laini na msasa ni kazi ya muda mfupi, na kila anayebadilisha sili anapaswa kuifanya kabla pistoni haijaingia.

Makosa ya mikono naweza kuyavumilia. Ninacholalamikia hasa ni kwamba risiti yenu inasema "imepimwa". Kama ingepimwa, moshi wa risasi ya kwanza ungewaambia. Kama ingepigwa mpaka kasi itulie, kronografu ingeonyesha kwanza hatari, kisha uvujaji. Karakana inayojali huiacha bunduki chini kidogo ya mpaka, inaipima kwa risasi za uzito tofauti, na kumpa mteja karatasi ya vipimo. Mimi sikupewa karatasi, na sasa naelewa kwa nini.

Ninachotaka ni hiki. Mrudishe gharama yote ya ufundi. Mlipe sili mpya, springi ya urefu wa kiwandani na kiongozi kinachobana, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa klabu, kwa kuwa kwenu sina tena imani ya kuirudisha. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inataka huduma ifanywe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na sidhani tutahitaji kubishana kama hili limetimizwa. Sehemu zote zilizotolewa ninazo kwenye mfuko, pamoja na picha za kila hatua na vipimo vilivyosainiwa na msimamizi wa uwanja.

Jambo la mwisho ni zito kuliko pesa zangu. Kopo lile la grisi halikufunguliwa kwa ajili yangu peke yangu. Tafadhali angalieni kwenye daftari lenu ni nani wengine waliofanyiwa kazi kwenye meza ileile, muwapigie simu leo, muwaambie wasifyatue bunduki hizo mpaka zifunguliwe na kupimwa. Wapo watakaokwenda nazo viwanjani na watoto wao kama nilivyokwenda mimi.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likiwa na jina la fundi aliyefanya kazi na idadi ya wateja mliokwisha kuwajulisha.

Wassalaam,

Mteja wenu,
mwenye HW80