Msongo wa walimu wetu upimwe ipasavyo

Bwana Mhariri,

Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali hapa Kongo (DRC) yafanywe ya bure mnamo Septemba 2019, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hapa Lubumbashi, iwe komuni ya Katuba au ile iitwayo Kenya, mwalimu anayesimama mbele ya darasa lililofurika haulizwi kwa utaratibu wowote kama analala usiku, au kama moyo unamwenda mbio.

Njia za kupima msongo huu zipo. Dodoso la mwanasaikolojia Sheldon Cohen la mwaka 1983 humuuliza mtu ni mara ngapi, katika mwezi uliopita, aliona mambo yamemzidi nguvu. Kwa kuwa linaangalia mwezi mmoja tu, majibu ya Oktoba hayawezi kufanana na ya Juni, mitihani inapokaribia, wala na ya mwezi ambao mshahara umechelewa. Kwa hiyo anayepima mara moja tu atatupotosha.

Tena tusiishie kwenye hisia peke yake. Mwaka 1979 mtafiti wa msongo wa kazini, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi huumiza zaidi pale inapodai mengi huku mfanyakazi akiwa hana uamuzi juu yake, na mwaka 1996 mtafiti mwingine, Johannes Siegrist, akaonyesha madhara ya juhudi kubwa isiyolipwa wala kuheshimiwa. Hali zote mbili zimehusishwa na maradhi ya moyo. Ndiyo maana dodoso liandamane na idadi ya wanafunzi, tarehe mshahara ulipopokelewa, na kipimo cha shinikizo la damu, ambalo mara nyingi hupanda bila dalili yoyote. (Kortisoli, homoni ya msongo, nayo hupimwa katika mate, ila hubadilika saa kwa saa na huhitaji maabara, kwetu si ya kuanzia.)

Linalonitia wasiwasi zaidi ni siri. Mwalimu, hasa yule ambaye serikali bado haijamwingiza katika orodha ya malipo, hataandika ukweli kwenye karatasi itakayosomwa na mkurugenzi wa shule yake. Naomba basi Chuo Kikuu cha Lubumbashi na sendika (vyama vya kutetea haki) za walimu washike kazi hii, majina yasiandikwe kwenye dodoso, na wizara ipewe matokeo ya jumla tu. Naye atakayekutwa na shinikizo la juu aelekezwe kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja ripoti ikamilike.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Katuba, Lubumbashi