Mwenye paka asifiche safari

Mhariri,

Naomba nafasi kabla ya likizo ya Disemba, watu hawajaanza kufunga nyumba na kwenda zao.

Ninaishi Kibokoni, Mji wa Kale. Usiku wa Idi pili, katika Idi ya mfungo tatu iliyopita, nilisikia paka akilia nyumba ya jirani. Nikadhani ni paka wa mtaani, ambao hapa kwetu hawana idadi. Asubuhi yake nikatoka kumwaga maji, nikainua macho. Dirisha la ghorofani lilikuwa limefungwa, na kwenye upenyo wa ubao uliovunjika palitokeza pua, imekauka mpaka imefanya ukoko. Akafungua kinywa, sauti haikutoka.

Mlango una kufuli mbili. Simu ya jirani haipatikani. Nilimuuliza mwenye duka, nikamuuliza kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni, nikamuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani: hakuna aliyejua bibi yule amekwenda wapi wala atarudi lini. Mpaka magharibi ndipo alipopatikana mpwa wake, akaja na ufunguo kutoka Majengo. Kumbe shangazi yake yuko Lamu, alipanda basi la alfajiri kabla ya Idi. Wakati anafunga nyumba, paka alikuwa amelala nyuma ya kabati. Nilimwekea bakuli la maji. Alikunywa bila kuinua kichwa, mbavu zinahesabika, nami nikalia pale pale kizingitini.

Mwenye paka si mkatili. Huyo paka wake hula changu aliyechambuliwa miba. Kilichomponza ni siri. Kwetu safari hufichwa. Tunaogopa jicho la hasidi: tiketi ikitajwa, basi litaharibika, mtoto atashikwa na homa. Marehemu mama yangu alikuwa akifunika begi kwa leso mpaka gari liondoke. Siwacheki wanaoamini hivyo, wala sisemi mtu autangazie mji mzima. Lakini jirani mnayegawana ukuta, na shoga mnayeketi naye barazani kila siku, hao unawaficha nini?

Mimi na wenzangu watatu hukaa barazani baada ya alasiri, na habari zetu ni hizo hizo ndogo. Mmoja alikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo, akala viazi karai, ukwaju ulikuwa mzito kama atakavyo. Mwengine aliwapeleka wajukuu kutazama wanyama Haller Park, kule Bamburi, akawasimulia habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa upande wa Malindi baada ya tsunami ya Disemba 2004, akaletwa pale na kumganda kobe mkongwe kama mama yake. Jioni nzima tuliongea juu ya kiboko na kobe. Na wa tatu alipotwambia kwamba Ijumaa anapanda treni Miritini kwenda kumwona bintiye Nairobi, hapo hapo tukagawana kazi: mimi kuku wake, mwenzangu kumwagilia asumini, na mabuyu ya binti yakafungwa usiku ule ule. Alisafiri moyo umetulia. Asingesema, tungejuaje?

Tulisoma sote chuoni habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi nawasihi wenye paka wenzangu: kabla ya kufunga mlango, mwite, mwone kwa macho yako. Kisha mwachie mtu ufunguo, umwambie anakula nini na mara ngapi, na kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mahali inapoonekana, maana paka naye huupata ugonjwa huo. Na simu iwe wazi.

Jirani yangu aliporudi hakunikasirikia kwa kufunguliwa nyumba yake. Alikaa kimya kitambo, paka yuko mapajani, akaniuliza mara mbili kama kweli alikuwa ananywa maji vizuri. Juzi alasiri alikuja barazani kwetu, mara ya kwanza tangu nimjue, akatwambia Jumatatu anakwenda Malindi arusini, atarudi Alhamisi. Ufunguo wake uko msumarini hapa kwangu, na dagaa wa paka nimeshanunua.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa