Mnapomruhusu mgonjwa, mwiteni na anayekwenda kumuuguza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Mimi ni fundi seremala hapa Morogoro, nina karakana ndogo Kihonda. Ombi langu ni moja na nalitanguliza: hospitali inapomruhusu mgonjwa aliyepasuliwa, imwite yule anayekwenda kumuuguza, imkalishe, imweleze kwa Kiswahili ni dalili zipi akiziona asisubiri kukuche.

Mama watoto alipasuliwa Jumanne, akatolewa kizazi. Alikuwa na uvimbe uliomtoa damu nyingi kila mwezi, hadi ikabidi aongezewe damu mara mbili. Operesheni ilionekana kwenda salama. Alhamisi alikunywa uji, Ijumaa akatembea hadi mlango wa wodi huku amejifunga kanga tumboni, Jumamosi akaruhusiwa.

Hayo mimi niliyaona vipande vipande, saa za kuona wagonjwa tu, kwa sababu ile ni wodi ya wanawake na mwanaume halali pale. Sina ugomvi na utaratibu huo, kina mama waliolazwa wanastahili stara yao. Aliyebaki naye ni dada yake. Basi kila neno la daktari lilipitia kwa shemeji, na shemeji akanifikishia mimi getini huku anapokea chupa ya chai, na kila lilipopita lilipungua. Siku ya kuruhusiwa mimi niliitwa dirishani kulipa. Nikapewa risiti, vidonge katika vibahasha, na fomu iliyojazwa kwa Kiingereza kwa mwandiko wa haraka. Nikauliza kama kuna kitu cha kuangalia. Nikajibiwa kwamba maumivu ni ya kawaida, arudi siku ya kutoa nyuzi.

Neno hilo la "kawaida" nililiamini kupita kiasi.

Jumapili mchana tumbo lilianza kujaa. Nililigusa kwa kiganja, lilikuwa gumu, limewambwa kama ngoma. Saa mbili usiku akatapika maji ya kijani. Jirani mmoja, mama mwenye nia njema kabisa, akasema ni gesi, achemshiwe tangawizi. Tukamchemshia. Jumatatu asubuhi mwili ulikuwa wa moto, anahema haraka haraka, na mkojo alioupata ulikuwa kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nikampa dawa ya maumivu nikaenda karakanani, nilikuwa na milango miwili ya mteja. Niliporudi jioni nikamsalimia, akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Hapo ndipo nilipokimbilia bajaji.

Tangu alipotapika mara ya kwanza hadi alipolazwa mbele ya daktari zilipita saa 24. Ndani ya saa hizo kila dalili niliiona kwa macho yangu. Niliziona zote na sikujua maana ya hata moja.

Usiku ule ule akafunguliwa tumbo mara ya pili. Utumbo mdogo ulikuwa umetoboka na usaha umeenea tumboni. Daktari alinichorea kwa peni nyuma ya karatasi: waliosha tumbo, wakakata kipande kilichoharibika, na kwa kuwa utumbo hauungwi ndani ya usaha ukashika, wakautoa mdomo wake nje, upande wa kulia, ili choo kipitie hapo, kiingie kwenye mfuko unaobandikwa tumboni, mpaka ndani pakauke. Wenzangu wanne wa karakana walikuja alfajiri kuchangia damu, na vumbi la mbao bado liko kwenye nywele. Nawashukuru hapa hadharani.

Lakini maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Figo zikaanza kushindwa kazi, akapelekwa Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa, chumba cha mahututi. Madaktari waliita hali ile sepsisi. Binti yetu wa kidato cha tatu alinisomea baadaye kwamba kwa makadirio ya mwaka 2017, ugonjwa huo uliwapata watu karibu milioni 49 duniani na waliokufa walikuwa milioni 11. Mtu anaweza kufikisha umri wangu bila kuwahi kulisikia jina lake.

Siku 11 alikaa mahututi. Nilikuwa nakwenda kwa treni ya umeme, nauli shilingi 13,000, naingia kuonana naye dakika chache nikiwa nimevaa gauni la hospitali, narudi jioni kwa watoto. Kabla treni hiyo haijaanza Juni 2024 nisingeweza kabisa, siku nzima ingeishia kwenye basi. Mikononi alikuwa na dripu, puani mpira, mdomoni mpira. Nilichopata cha kushika ni mguu. Nikawa namshika kisigino, namweleza habari za nyumbani, kuku wametaga mangapi, nani kauliza hali. Alipozinduka akasema alikuwa anasikia habari za kuku.

Sasa nifike kwa nesi mmoja, ambaye ndiye sababu ya barua hii. Mama watoto alipotolewa mahututi akapelekwa wodini, yule sista aliniona nimesimama mlangoni na kikapu. Akaniuliza, "Baba, nyumbani nani atakayembadilishia mfuko?" Nikasema ni mimi. Hakushangaa wala hakuniuliza kama hakuna mwanamke. Akavuta pazia, akaniambia ninawe mikono.

Ule mdomo wa utumbo ni mwekundu, una unyevu, kama ndani ya shavu. Ukiuona mara ya kwanza magoti yanalegea. Sista akanifundisha kuusafisha kwa maji matupu, sabuni ya manukato hapana, kukausha ngozi kwa kubonyeza kitambaa laini bila kusugua, na kutopaka mafuta kwa sababu mfuko hautashika. Akaniambia choo cha utumbo mdogo kina ukali unaounguza ngozi, kwa hiyo tundu la mfuko lipishane na nyama kwa milimita mbili tatu tu. Likiwa pana, ngozi inachubuka. Likibana, nyama inaumia. Na kadiri majuma yanavyokwenda uvimbe unapungua, hivyo nipime upya kila ninapobadilisha. Habari ya vipimo naijua. Niliporudi nyumbani nikatenga bikari moja ya karakana, nikaichemsha, nikawa nachorea nayo kwenye kadibodi kwanza, nakata, najaribisha, ndipo naugusa mfuko wenyewe. Mfuko mmoja nilikuwa naununua shilingi 12,000. Kuukata vibaya ni kutupa chakula cha watoto.

Kisha akanitajia mambo ya kutisha, na kila alilotaja akanitaka nilirudie kwa mdomo wangu. Mfuko ukijaa maji matupu mara nyingi kuliko kawaida, mkojo ukipungua, ulimi ukikauka, kichwa kikizunguka akisimama, hayo ni maji na chumvi vinamwishia mwilini, leta. Kisipotoka kitu kabisa na tumbo likauma na kujaa, leta. Homa, kuhema haraka, kuchanganyikiwa, leta usiku huo huo. Akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, na chini yake namba ya simu ya wodi. Somo lote halikuzidi nusu saa.

Nyumbani hapakuwa pepesi. Wazee wa upande wangu waliniita kikao, wakasema mke wa namna hii hurudishwa kwao akauguzwe na mama yake, mwanaume hashiki choo cha mkewe. Niliwasikiliza kwa heshima na nikawajibu kwamba mama mkwe ana miaka 74 na macho hayaoni vizuri, na mimi niliyekula vya raha na mke wangu siwezi kumsindikiza stendi leo. Lakini kazi ngumu haikuwa choo. Ngumu ilikuwa aibu yake yeye. Wiki za kwanza alikuwa anageuza uso ukutani ninapombadilishia. "Baba watoto, funga mlango," ananiambia, na mlango ulishafungwa, na watoto wako shule. Alikataa kwenda kanisani, alikataa wageni, akawa anakula kidogo makusudi ili mfuko usijae. Nikaacha kumbembeleza kwa maneno. Nikawa nakula naye sahani moja, wali na ndizi za kupika, tonge kwa tonge, hadi sahani inaisha. Waume wenzangu wanaosoma hapa, kuna siku utachoka ukataka kubaki karakanani hadi usiku. Mimi nilibaki mara mbili, na mara zote mbili nilimkuta ameketi gizani, mfuko umevuja, hakutaka kumwita mtoto.

Mwezi wa pili tangu arudi, Alhamisi moja, mfuko ulijaa maji mara nne kabla ya adhuhuri. Nikamwangalia ulimi: mkavu. Nikamuuliza mkojo: tangu usiku hakuna. Nikaanza kumpa maji ya chumvi ya ORS, nikapiga ile namba, nikaambiwa nimpeleke hospitali ya karibu sasa hivi na niwaeleze ana stoma ya utumbo mdogo, ndilo jina la hospitali la ule mdomo wa utumbo uliotolewa nje. Ndani ya saa moja alikuwa kwenye dripu. Alilala siku mbili, akarudi anatembea.

Mhariri, mtu ni yule yule, seremala wa darasa la saba. Mara ya kwanza nilikaa na mgonjwa mahututi saa 24 nikimpa tangawizi. Mara ya pili nilimwahisha ndani ya saa moja. Kati ya mara hizo mbili kilichoongezeka ni nusu saa ya sista na karatasi moja.

Najua manesi ni wachache na wodi zimejaa, nimewaona wakikimbia usiku. Ndiyo maana siombi mashine wala jengo. Fomu ya kuruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili upande mmoja. Iwe na namba itakayopokelewa usiku. Na kama mume haruhusiwi kulala wodini, aitwe hata uani kwa dakika 20 kabla ya kuitwa dirishani kulipa.

Mwezi ujao tunarudi Dar es Salaam, utumbo urudishwe ndani. Mama watoto ameanza kupanga nguo. Safari hii maswali nimeyaandika kwenye daftari langu la kazi, ukurasa mmoja na vipimo vya kabati la mteja, na nitamsomea daktari moja moja kabla sijasaini kitu. La kwanza linasema: "Akitapika kijani usiku, nampigia nani?"

Wako msomaji,
Fundi seremala,
Kihonda, Morogoro