Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Mombasa: naomba daftari la kazi za jadi lifunguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, nakuandikia kuhusu jambo moja tu, nalo ni daftari ambalo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni ya mwaka 2016 imezikabidhi serikali za kaunti. Kwa mujibu wa sheria hiyo, usajili wa kwanza wa kazi za jamii ni jukumu la kaunti, huku hifadhi ya kidijitali ya taifa ikiwa mikononi mwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Ikiwa Mombasa imekwisha kulifungua daftari hilo, naomba wananchi watangaziwe lilipo na namna ya kulifikia. Ikiwa bado, naomba lifunguliwe, na kurasa zake za mwanzo ziwe za leso, yaani kanga.

Nimeitaja leso kwa sababu ndiyo inayoonyesha wazi pale sheria nyingine zinapokomea. Mchoraji anayebuni pindo na mji (sehemu ya kati) wa leso mpya anaweza kuusajili mchoro wake kwa KIPI, taasisi inayosimamia haki za ubunifu wa viwandani, ukalindwa kwa miaka 5, muda unaoweza kuongezwa mara mbili hadi kufikia miaka 15. Mfanyabiashara naye ana alama yake ya biashara, ambayo husajiliwa kwa miaka 10 na kuhuishwa kila muda unapokwisha. (Mnunuzi wa Mtaa wa Biashara hahitaji kufundishwa somo hili: maneno "Mali ya Abdulla" ukingoni mwa leso yalikuwa yakitafutwa na mama zetu zamani, kabla pesa hazijatoka kwenye kibindo.) Mtunzi wa shairi au wa wimbo wa taarab analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, mradi kazi imemtoa jasho na imeandikwa au kurekodiwa.

Lakini jina la leso (maneno yaliyochapwa juu yake) lililochukuliwa katika methali ambayo hakuna amjuaye aliyeitunga, au ufundi wa kofia ya viua, ile inayotariziwa kwa mkono, au wimbo wa vugo ambao kila harusi huuongezea ubeti, hayo hayana mtunzi mmoja wala tarehe ya kuzaliwa, na kwa hivyo hayana mlango wa kuingilia katika sheria nilizozitaja. Sheria ya 2016 ilitungwa kwa ajili ya pengo hilo. Ulinzi wake hauhesabiwi kwa miaka, bali hudumu maadamu kazi ingali na sifa zinazotakiwa na sheria, na inamtaka anayetaka kuitumia kibiashara apate kwanza ridhaa ya wenyewe. Katiba, katika Kifungu cha 11, ilikwisha kuliagiza Bunge lihakikishe kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa.

Mwaka 2007 wengi wetu tulishtuka kusikia kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kulisajili neno "Kikoy", yaani kikoi chetu, liwe alama yake ya biashara nchini humo. Pingamizi liliwekwa na ombi likaachwa. Sidai kwamba daftari la Mombasa lingeizuia ofisi ya Uingereza, kwani sheria ya Kenya haivuki bahari. Ninachosema ni kwamba anayekwenda kupinga huulizwa ushahidi, na ushahidi uliokusanywa kwa utulivu, wenye tarehe na muhuri wa serikali, una uzito kuliko ule unaotafutwa mbio mbio.

Najua utaulizwa leso ni ya nani, maana Lamu, Unguja na Tanga nazo zina haki ya kusema. Swali hilo ni zito, na kaunti moja isijitangaze kuwa mmiliki pekee. Daftari linaweza kuandika kwamba kazi hii inashirikiwa, na kwa nani, na sheria yenyewe inataka kaunti zisaidiane kupashana taarifa. Lililo zito zaidi machoni pangu ni siri. Jina la leso halidhuriki kwa kusomwa na kila mtu. Maarifa ya dawa waliyo nayo wazee wa makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yanaweza kudhurika, na daftari lililoachwa wazi litampa mwizi alichokuja kukitafuta. Naomba kazi ya namna hiyo isiandikwe hata mstari mmoja bila idhini ya wazee, na ikiandikwa, iamuliwe nao nani ataifungua.

Kazi yenyewe inahitaji karani anayekijua Kimvita (lahaja ya Mombasa), kamera, na subira ya kukaa na waimbaji wa vugo, washonaji wa kofia na wenye maduka ya zamani ambao huenda wangali na vipande vya leso zisizochapwa tena. Ningeomba unijibu hadharani pia: ni afisa gani aliyekabidhiwa jukumu hili, ofisi yake iko wapi, na ni siku zipi wazee wanaweza kumwendea.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa