Luanda ilikuwa ghali kwa nani?

Mhariri,

Kila inapotoka orodha ya miji ghali duniani, magazeti huchukua majina kumi ya juu na kuacha maelezo ya jinsi namba zilivyopatikana. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoapa kwamba Luanda, mji mkuu wa Angola, ni ghali kuliko Zurich. Kampuni ya ushauri ya Mercer iliipa Luanda nafasi ya kwanza mwaka 2010, 2011, 2013, 2014, 2015 na tena 2017, na sifa hiyo imeung'ang'ania mji kama kupe.

Orodha ya Mercer haikutungwa kwa ajili ya mkazi. Ni kifaa cha mwajiri anayempeleka mtumishi wake nchi ya nje na anataka kujua amwongezee posho kiasi gani. New York, mji wa kulinganishia, hupewa alama 100. Mji ukipata 120, maana yake ni kwamba mtumishi anayetoka New York akitaka kuishi kama alivyozoea, matumizi yake yatapanda kwa asilimia 20. Bidhaa na huduma zaidi ya 200 hulinganishwa, kisha kila bei hugeuzwa kuwa dola ya Marekani. Matatizo mawili yanaanzia hapo: kapu, yaani mkusanyo wa bidhaa na huduma hizo, ni la nani, na dola inafanya nini katikati.

Kapu kwanza. Vita vya Angola viliisha mwaka 2002, mafuta yakavuta wageni wengi, na nyumba zenye ulinzi, jenereta na maji ya uhakika zilikuwa za kuhesabika. Pango la nyumba ya daraja hilo yenye vyumba viwili likapita dola 6,000 kwa mwezi. Bei hizo ni za kweli na mlipaji alikuwepo, ila mara nyingi ni kampuni yake iliyolipa. Mkazi wa musseque, mitaa isiyopimwa ambako watu wengi wa Luanda wanaishi, hapangi nyumba hiyo wala hakodi gari lenye dereva, anapanda candongueiro, basi dogo la abiria la huko. Ughali wake uko kwingine. Maji yakiletwa na lori na kuuzwa kwa ndoo, lita moja humgharimu kuliko inavyomgharimu mwenye bomba ndani, ingawa kipato chake ni kidogo zaidi. Kapu la mgeni haliwezi kuuona mzigo huo, kwa sababu mgeni hanunui ndoo.

Sasa dola, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mwishoni mwa 2017 dola moja ilikuwa takriban kwanza (sarafu ya Angola) 166. Januari 2018 benki kuu iliacha kuishikilia sarafu hiyo palepale, na mwaka ulipoisha dola ilikuwa karibu kwanza 308. Tuchukue kitu cha mfano kilichouzwa kwanza 1,660, yaani dola 10. Bei yake ikipanda kwa asilimia 20 katika mwaka huo, itafika kwanza 1,992. Gawanya kwa 308: unapata dola 6.47. Jedwali litasema kitu kimeshuka bei kwa zaidi ya theluthi moja, na anayelipwa kwa kwanza atasema kimepanda kwa moja ya tano. Wote wawili hawajakosea hesabu. Mwaka huo Luanda ilishuka hadi nafasi ya 6, na aliyesoma kichwa cha habari tu angedhani wakazi wamepata nafuu.

Kinyume chake hutokea pia. Ashgabat, mji mkuu wa Turkmenistan, iliongoza mwaka 2021, na mojawapo ya sababu ni manat, sarafu ya huko, iliyofungwa kwenye 3.5 kwa dola moja kiserikali, wakati soko la pembeni lilikuwa likiuza dola kwa bei ya juu mno. Tokyo nayo iliongoza mwaka 2012 yeni ilipokuwa karibu 80 kwa dola. Mwaka 2024 dola ilipita yeni 160, na mji uleule ukageuka kimbilio la watalii wanaotafuta nafuu.

Singapore ni somo la peke yake. Ili kumiliki gari unahitaji kibali cha miaka 10 kinachogombewa kwenye mnada mara mbili kwa mwezi. Oktoba 2023 kibali cha gari dogo kilivuka dola 100,000 za Singapore, na hapo gari lenyewe hujanunua. Gari likiwamo kwenye kapu, mji unapaa. Familia nyingi za huko hazina gari. Zinapanda treni na basi, na zaidi ya robo tatu ya raia na wakazi wa kudumu wanaishi katika nyumba zilizojengwa na serikali. Kwa mwenye gari sifa ya ughali inaistahili Singapore kabisa. Kwa abiria wa treni, sivyo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni muda wa kazi: bei ya kitu igawanywe kwa mshahara halisi wa saa moja. Benki ya UBS ilifanya hivyo mwaka 2015 kwa iPhone 6. Mfanyakazi wa Zurich alihitaji saa 20.6, wa Nairobi saa 468. Kipimo hiki nacho kina kasoro zake: kinamfaa mwenye ajira, hakimfai muuza karanga, na simu si unga. Chagua unga, nauli na pango la chumba cha kawaida, utapata picha inayokaribia ukweli. Kwenye pango, jihadhari na bei za matangazo: hizo ni za mpangaji mpya, na aliyekaa miaka minane huenda analipa nusu yake.

Kwa hiyo, Mhariri, mkichapa jedwali lijalo, wekeni chini yake mistari mitatu: kapu limepimwa kwa ajili ya nani, sarafu ya mji imepanda au imeshuka kiasi gani dhidi ya dola tangu orodha iliyopita, na mshahara wa kawaida wa mji huo ni kiasi gani. Nafasi ya kutosha mtaipata mkipunguza ile picha ya maghorofa.

Msomaji wenu